Kabla ya Subaru Kulikuwa na Gunia

Leo sina kichekesho. Wale mmenizoea kwa zile video za makanga wa Kitengela, mtanivumilia kidogo, kwa sababu hii ni ndefu na ni ya historia. Ndiyo, mimi niliyeacha kampasi mwaka wa pili ndiye nawaletea historia. Karo iliisha, lakini hamu ya kusoma haikuisha nayo.

Naanza na kitu sijawahi kuwaambia. Agosti 2024 niliposti video, nikaifuta baada ya dakika arobaini hivi. Mathe aliiona akiwa kazini, akapanda matatu akaja nyumbani katikati ya siku, kitu hajawahi kufanya. Hakunigombeza. Alisimama mlangoni na mkoba bado begani akasema, "Futa." Nikafuta. Halafu tukakaa kimya, akapika chai, akarudi kazini. Wiki nne zilizofuata niliposti densi na vichekesho kama vile hakuna kitu kimetokea mtaani kwetu.

Na kilikuwa kimetokea. Tarehe 19 Agosti 2024, wanaume watatu walibebwa na watu wenye silaha. Bob Njagi, mwanaharakati, alishushwa kwa matatu akielekea Kitengela. Jamil Longton na mdogo wake Aslam walichukuliwa karibu na nyumbani kwao, hapa hapa Kitengela. Hakuna kituo cha polisi kilichoandika majina yao. Hakuna hakimu aliyewaona. Chama cha Mawakili kilienda mahakamani kuomba watolewe, polisi wakasema hawako nao. Jaji Lawrence Mugambi akamwita kaimu Inspekta Jenerali, Gilbert Masengeli, aje aeleze. Hakuja. Akaitwa tena, hakuja. Mara saba. Tarehe 13 Septemba jaji akamhukumu miezi sita jela kwa kudharau mahakama. Siku chache baadaye Jaji Mkuu Martha Koome akatangaza kwamba walinzi wa yule jaji wameondolewa.

Wale watatu waliachiliwa tarehe 20 Septemba, baada ya siku 32, wakatupwa upande wa Kiambu usiku. Walieleza vile walifungwa macho, wakapigwa, wakawekwa gizani na chakula kidogo sana. Masengeli alifika mahakamani, akaomba radhi, na ile adhabu ikaondolewa.

Sasa, kile kilichonisumbua si tu kwamba nilifuta. Ni kwamba mathe alijua haraka sana cha kufanya. Mathe si mtu wa siasa. Ni mtu wa chama, kanisa na M-Pesa. Hiyo kasi ya kusema "futa" aliitoa wapi? Nikamwuliza, miezi mingi baadaye, tukiwa tunachambua mchele. Akaniambia, "Babangu alikaa Manyani. Halafu Athi River."

Guka alikufa nikiwa darasa la sita. Nilijua ni mzee wa Murang'a, mpole, mwenye kofia. Sikujua kwamba 1954 alibebwa Nairobi kwa lori. Mathe mwenyewe alijua tu vipande viwili vitatu: kwamba hakupenda mtu amwulize, na kwamba wakipita Athi River kwa basi, mzee aliyekuwa akipiga stori tangu Machakos alinyamaza mpaka basi ivuke mji.

Athi River, wasee. Hapo nyuma tu ya EPZ. Pale unashukia ukienda kutafuta kibarua.

Kwa hivyo nikaanza kusoma. Nilikuwa nadhani hii mambo ya kubeba watu ilianza na serikali hii, au ile iliyopita. Nikagundua kwamba barabara yetu ya Namanga ina historia ambayo hakuna mtu alitufundisha. Ukipanda matatu Kitengela, upite Isinya, ufike Kajiado mjini, umefika mahali ambapo kizuizi cha watu bila kesi kilianzia mapema kabisa. Usiku wa tarehe 20 Oktoba 1952, Gavana Evelyn Baring alitia sahihi tangazo la hali ya hatari. Usiku huo huo ikaanza Operesheni Jock Scott, Jomo Kenyatta na wenzake wengi wakakamatwa. Mmoja wao alikuwa mwandishi na mchapishaji wa vitabu vya Kikuyu, Gakaara wa Wanjau. Alipelekwa kizuizini Kajiado, halafu kisiwa cha Manda, Lamu. Kosa lake lilikuwa maandishi. Hebu fikiria: mwandishi anafungiwa Kajiado kwa sababu ya kile alichoandika. Aliandika shajara yake kwa siri, na ilipochapishwa ilishinda Tuzo ya Noma mwaka wa 1984.

Ukitaka kuelewa vile mambo haya hufanya kazi, usiangalie ukatili kwanza. Ukatili unafanana kila mahali. Angalia vitu vitatu: neno, uso na karatasi.

Tuanze na neno. Tarehe 24 Aprili 1954, jeshi la Waingereza chini ya Jenerali George Erskine lilifunga Nairobi yote. Hiyo ndiyo Operesheni Anvil. Wanajeshi na polisi walienda mtaa kwa mtaa wakitoa Wakikuyu, Waembu na Wameru. Zaidi ya watu 20,000 walipelekwa kambini Langata, halafu wengi wao Manyani na Mackinnon Road. Hakuna aliyeitwa mfungwa. Walikuwa "wanachujwa", kama chai. Ukishachujwa unapewa rangi: mweupe, kijivu, au mweusi. Mweupe anarudi nyumbani, kijivu anaenda kambi ya kazi, mweusi anapotelea ndani. Athi River ilikuwa kambi ya "kurekebisha" watu: masomo, mahubiri, kuungama. Neno zuri kabisa. Takwimu rasmi za wakoloni wenyewe zilikubali takriban watu 80,000 kupita katika kambi hizo. Wanahistoria kama Caroline Elkins wanasema walikuwa wengi zaidi ya hapo. Na tarehe 3 Machi 1959 kule Hola, wafungwa 11 walipigwa na walinzi hadi kufa, halafu serikali ikajaribu kusema walikufa kwa kunywa maji. Lile neno zuri liliishia hapo.

Cha pili ni uso. Kule kwa kuchujwa, watu walipangwa foleni, na mbele yao akaletwa mtu amefunikwa gunia kichwani, limetobolewa mashimo mawili ya macho. Wakikuyu walimwita gakunia, kagunia kadogo. Gakunia hasemi. Anatikisa kichwa tu. Akitikisa hivi, umepona. Akitikisa vile, maisha yako yameisha, na hutawahi kujua aliyekuuza ni jirani, binamu, au yule unamdai.

Mimi niliposoma hiyo nikafikiria zile video zote za 2024. Subaru bila nambari halali. Wanaume wenye barakoa nyeusi. Gunia lilihama tu. Lilitoka kwa msaliti likaenda kwa karao, lakini kazi yake ni ile ile: mtu asiye na uso hawezi kushtakiwa.

Cha tatu ni karatasi, na hapa ndipo wengi hatuangalii. Januari 1955 Baring alitangaza msamaha. Uliwahusu Mau Mau waliotaka kujisalimisha, lakini uliwahusu pia watu wa usalama: yale waliyofanya kabla ya tarehe 18 mwezi huo hawangeshtakiwa kwayo. Ukimaliza kupiga, unaandikiwa karatasi.

Halafu tukapata uhuru. Na badala ya kuchoma zile karatasi, tukaziweka kabatini letu.

Kaskazini mwa Kenya hali ya hatari iliendelea baada ya uhuru, kwa sababu ya vita vya Shifta. Mwaka wa 1970 Bunge letu wenyewe, si la mkoloni, lilipitisha Sheria ya Kinga, kwamba afisa wa serikali au mwanajeshi hangeweza kushtakiwa kwa yale aliyoyafanya kule kaskazini, pamoja na Tana River na Lamu, kati ya tarehe 25 Desemba 1963 na tarehe 1 Desemba 1967. Mtoto aliyeachwa yatima na operesheni ya 1965 anaambiwa na sheria: hakuna wa kumwuliza.

Wanajeshi waliojifunza kwamba hakuna wa kuwauliza ndio tuliowaona Wagalla. Hii najua wengi wenu mmeisikia jina tu. Tarehe 10 Februari 1984, jeshi na vikosi vingine vya usalama viliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia, Wajir. Ilisemekana ni operesheni ya kuchukua bunduki kwa sababu ya vita vya koo. Walipelekwa kiwanja cha ndege cha Wagalla, kilomita chache kutoka mji wa Wajir. Walivuliwa nguo, wakalazwa juu ya lami na mchanga wa moto kwa siku kadhaa, bila maji, bila chakula. Waliojaribu kukimbia walipigwa risasi. Maiti zilitupwa porini. Mwanamke Mwitaliano aliyekuwa akifanya kazi ya kusaidia wagonjwa Wajir, Annalena Tonelli, alizunguka na gari akiokota waliobaki hai na kuzika waliokufa. Baadaye akalazimika kuondoka Kenya. Serikali ilisema wamekufa watu 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyotoa ripoti yake Mei 2013, ilisema ni karibu 1,000. Manusura wanataja idadi kubwa zaidi. Hakuna afisa hata mmoja aliyefungwa kwa ajili ya Wagalla. Hata mmoja.

Guka wangu alibebwa na jeshi la Waingereza. Wazee wa Wajir walibebwa na jeshi lenye bendera yetu, miaka 20 baada ya uhuru. Hapo ndipo nilielewa kwamba kumlaumu mzungu peke yake ni njia rahisi ya kulala usingizi.

Na si sisi peke yetu. Tuangalie India kidogo, kwa sababu India na sisi tulikaangwa kwa sufuria moja. Agosti 1942, Gandhi alipowaambia Waingereza waondoke, gavana mkuu wa huko, Linlithgow, alitoa amri ya kulipa jeshi mamlaka maalum dhidi ya raia. India ikapata uhuru 1947. Mwaka wa 1958 Bunge la India huru likachukua wazo lile lile likalitungia sheria yake kwa ajili ya maeneo ya kaskazini mashariki. Ile sheria inamruhusu mwanajeshi kupiga risasi hata kuua, kukamata bila hati, kuingia nyumba bila hati. Na kifungu chake cha sita ndicho kile tunachokijua sasa: huwezi kumshtaki mwanajeshi bila ruhusa ya serikali kuu. Karatasi. Novemba 2000, raia 10 waliuawa kwa risasi katika kituo cha basi, Malom, jimbo la Manipur. Msichana anayeitwa Irom Sharmila akaanza kufunga kula. Alifunga miaka 16, akilishwa kwa nguvu kwa mrija wa puani, akitaka sheria ile iondolewe. Aliacha 2016. Sheria bado ipo. Desemba 2021, kule Oting, Nagaland, wanajeshi walifyatulia risasi gari la wachimba makaa ya mawe waliokuwa wakirudi nyumbani, wakidhani ni waasi. Raia zaidi ya kumi walikufa katika mkasa ule na vurugu zilizofuata. Serikali ya Delhi ilikataa kutoa ruhusa ya kuwashtaki wale wanajeshi.

Kituo cha basi. Gari la kurudi nyumbani. Hao ni watu kama wewe na mimi tukingoja matatu kwa stage.

Najua kuna mtu anasema: lakini Mau Mau waliua watu. Lakini Shifta walikuwa na bunduki. Lakini Juni 25 mliingia Bungeni mkachoma. Sawa. Hayo ni maswali ya haki na sitayakwepa. Kuna watu waliuawa na Mau Mau, wengine Wakikuyu wenzao. Wajir kulikuwa na vita vya koo kweli. Na dola lazima iwe na nguvu ya kukamata mtu. Hakuna mahali nimesema mtu asikamatwe. Nasema kukamatwa kuna umbo lake. Kuna afisa mwenye jina. Kuna kituo. Kuna OB, na jina lako limeandikwa ndani. Katiba ya 2010, kifungu cha 49, inasema ufikishwe kortini si zaidi ya saa 24 baada ya kukamatwa. Kifungu cha 51 kinampa aliyezuiliwa haki ya kuomba korti iamuru aletwe mbele yake, na kifungu cha 25 kinasema haki hiyo haiwezi kupunguzwa. Hata kama wewe ni mshukiwa wa jambo baya kabisa. Na jeshi? Kifungu cha 241 kinasema wakati wa machafuko linaweza kutumwa kurejesha amani kwa idhini ya Bunge la Taifa tu. Juni 25, 2024, wanajeshi waliitwa mitaani kwa notisi ya gazeti la serikali, na Bunge likaidhinisha kesho yake, wanajeshi wakiwa tayari wametangaziwa kazi.

Yote ambayo hayana umbo hilo si kukamatwa. Ni kubebwa. Kufikia mwisho wa 2024, Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilikuwa imehesabu watu 82 waliobebwa tangu yale maandamano ya Juni.

Na ukidhani mpaka unakulinda, hebu angalia. Mei 2025, Boniface Mwangi na mwenzake kutoka Uganda, Agather Atuhaire, walikamatwa Dar es Salaam walikoenda kufuatilia kesi ya Tundu Lissu. Walitupwa mipakani, na wote wawili wakasema waliteswa vibaya. Oktoba 2025, Bob Njagi, yule yule wetu wa Kitengela, alichukuliwa tena, safari hii nchini Uganda, pamoja na Nicholas Oyoo. Walikaa zaidi ya mwezi. Rais Museveni mwenyewe alikubali walikuwa nao, akasema waliwekwa kwenye friji kwa siku kadhaa. Friji. Kuchujwa, kurekebishwa, friji. Neno huja mapema kila mara, halafu linatumwa kufagia njia.

Sasa mnaniuliza, wewe msee wa vichekesho, unataka tufanye nini?

Nitawaambia nilichojifunza. Katika kila stori hizi, kitu ambacho kile kiungo cha uovu kiliogopa ni orodha ya majina. Gakaara aliandika shajara. Watu wa Wajir waliandika majina ya wafu wao wakayahifadhi miaka na miaka, mpaka tume ikaja na ikayakuta. Huko Manipur, familia zilikusanya kesi 1,528 za watu wanaodaiwa kuuawa kinyume cha sheria wakazipeleka Mahakama ya Juu ya India. Kitengela, ndugu na mawakili hawakuacha kutaja majina matatu kwa siku 32, mpaka kaimu bosi wa polisi akahukumiwa kifungo. Ile adhabu iliondolewa, najua. Lakini watu walirudi hai. Guka wangu hakuwa na mtu wa kutaja jina lake.

Kwa hivyo fanya mambo madogo. Ukiona mtu anabebwa, piga kelele jina lake, na kama hulijui, mwulize akupigie jina lake kwa sauti. Andika nambari ya gari hata kama unashuku ni feki. Nenda kituo cha karibu na watu wengine wawili, uliza OB. Wakisema hayuko, andika saa waliyokuambia hayuko. Mtafute wakili siku hiyo hiyo, si baada ya wiki. Na wewe mwenyewe uwe na mtu mmoja anayejua uko wapi. Hii si uoga. Ni akili.

Jumapili iliyopita nilienda na mathe Athi River. Hatukupata kambi. Sijui hata tulikuwa tunatafuta nini hasa. Tulisimama kando ya barabara, malori ya simiti yakipita, vumbi mpaka kwa meno. Mathe akaniambia kitu kingine ambacho hakuwahi kuniambia: kwamba guka alipokuwa mzee sana, alianza kulala taa ikiwa imewashwa, na bili ya stima ilimsumbua cucu, lakini cucu hakuwahi kuizima.

Tukiwa kwa matatu kurudi Kitengela, nikamwambia nataka kurudisha ile video. Alikaa kimya kuanzia pale EPZ mpaka daraja. Halafu akasema, "Basi usiifute tena. Lakini kila jioni uniambie uko wapi."

Video iko juu tangu saa mbili usiku. Mathe, nikimaliza kuandika hii niko nyumbani, chumba cha nyuma, taa imewaka.